Fullerton, Mji wa Gitaa la Karatasi

Tembea uone, walisema wahenga wetu. Ukitoka katikati ya jiji la Los Angeles nchini Marekani kwa treni inayoelekea kusini, baada ya nusu saa hivi utafika katika kituo cha zamani chenye paa la vigae, kilichojengwa mwaka 1930. Hapo ni Fullerton. Ni mji wa kadiri, wenye barabara zilizonyooka na maduka yaliyopangana. Familia nyingi hupita karibu nao kwa haraka, zikiwapeleka watoto Disneyland, ambayo iko katika mji wa jirani wa Anaheim. Ni wachache wanaojua kwamba humu ndimo ilimokuzwa sauti ambayo leo inasikika hata katika kwaya zetu za Afrika Mashariki, yaani sauti ya gitaa la umeme.

Nilikwenda sehemu hizo kumsalimia mdogo wangu, ambaye ameolewa na kuweka makazi huko Anaheim. Nilikaa kwake wiki tatu. Katika wiki hizo niliona mengi, lakini lililonikaa moyoni zaidi ni jambo dogo: karatasi iliyobandikwa juu ya mbao, ikafunikwa kwa vanishi, ikadumu zaidi ya miaka 50. Nimeona niwaletee akina mama wenzangu habari hizi, kwa sababu karatasi tunazo majumbani mwetu, na vijana wenye magitaa tunao pia.

Mji wa michungwa

Fullerton ulianzishwa mwaka 1887, wakati reli ilipofika. Uko katika wilaya iitwayo Orange, yaani Chungwa, na jina hilo halikutolewa bure. Kwa miaka mingi watu wa huko waliishi kwa michungwa. Mashamba yalijaa kila upande, na matunda yalipakiwa kwenye mabehewa ya treni kupelekwa miji ya mbali yenye baridi. Leo michungwa ni ya kutafuta. Mahali pake pamesimama nyumba, shule na barabara pana zenye magari usiku na mchana.

Katika familia ya wakulima wa huko alizaliwa Leo Fender, mwaka 1909. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto, na tangu utoto alipenda kufungua redio na kuzifunga tena. Mwaka 1934 alimwoa Esther. Miaka minne baadaye, baada ya kupoteza kazi ya uhasibu, alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki wakaanza kumletea vipaza sauti vilivyoharibika, na kutoka hapo akaanza kuwaza namna ya kuunda gitaa lisilokoroma linapopigwa kwa sauti kubwa.

Mama msomaji, hapa ndipo niliposimama kidogo. Sifa zote amepewa Leo, lakini biashara ile ilipokuwa haijaanza kulipa, mshahara wa Esther aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ndio uliosaidia kuiweka nyumba. Wangapi kati yetu tunaijua hali hiyo! Baba yuko kwenye karakana anajaribu jambo ambalo hakuna anayelielewa, na mama ndiye anayehesabu fedha za mwezi. Esther alifariki mwaka 1979, na jina lake halikuandikwa kwenye gitaa lolote.

Mwaka 1950 Leo alitoa gitaa lake la kwanza la ubao mtupu, na mwaka 1951 likaitwa Telecaster. Halikuwa na tumbo lenye uwazi kama magitaa ya kawaida. Lilikuwa ubao mmoja mnene, bapa, uliokatwa kwa umbo, ukafungiwa shingo kwa skrubu nne. Kuna watu waliolicheka, wakasema linafanana na kasia la mtumbwi. Lakini lilikuwa imara, rahisi kutengeneza na lenye sauti safi. Ajabu ni kwamba Leo mwenyewe hakujua kupiga gitaa, tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 1991.

Majina ya wanawake ndani ya mbao

Katika Makumbusho ya Fullerton kuna sehemu ya kumkumbuka Leo Fender, na ni vizuri kuanzia hapo. Lakini kuna habari nyingine ambayo mgeni asipoulizia haambiwi. Wengi walioyaunda magitaa yale kiwandani walikuwa wanawake, na wengi wao wenye asili ya Meksiko. Magitaa ya miaka ya 1950 yakifunguliwa leo, ndani yake hukutwa kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la mama au dada aliyeunganisha waya: Mary, Gloria, Virginia.

Mmoja wao, Abigail Ybarra, aliajiriwa mwaka 1956. Kazi yake ilikuwa kuzungusha waya wa shaba, mwembamba kama unywele, juu ya sumaku, maelfu ya mizunguko, mpaka kipatikane kinasa sauti cha gitaa. Waya ukivutwa sana unakatika. Ukilegea sana sauti inaharibika. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Miaka 57! Wapigaji wakubwa wa magitaa walikuwa wakitafuta vinasa sauti vilivyopita mikononi mwake, na yeye aliviandika kwa herufi mbili za jina lake.

Kiwanda cha Fullerton chenyewe hakipo tena. Kampuni iliuzwa mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na mwaka 1985 kazi ikahama, kisha kiwanda kipya kikafunguliwa Corona, mji mwingine wa California.

Karatasi ya ukutani juu ya gitaa

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe. Mwaka 1968 California ilikuwa imejaa vijana waliovaa nguo za maua, wakajichora maua usoni na kuyachora hata kwenye magari yao. Wenye kampuni walitaka gitaa litakalowapendeza vijana hao. Kuchora maua kwa mkono juu ya kila gitaa kungechukua siku nyingi. Basi wakatumia njia ambayo mama yeyote mwenye kabati kuukuu angeifikiria. Walichukua karatasi ya kubandika ukutani, yenye gundi upande wa nyuma na mng'ao wa fedha kwa chini, wakaibandika mbele na nyuma ya ubao. Pembeni, ambako karatasi haikai vizuri kwa sababu ya mapindo, walipuliza rangi inayofanana nayo, ikafifia taratibu kuelekea kwenye maua ili mshono usionekane. Juu ya vyote wakaweka vanishi nene inayopitisha mwanga, wakaing'arisha mpaka ikawa kama kioo.

Yalikuwa ya aina mbili: moja jekundu la kuelekea waridi, na jingine la maua ya buluu. Wakati ule hayakununuliwa sana, na baada ya muda mfupi yakaachwa. Mpigaji James Burton alipopata lile la waridi, alisita kulipiga mbele ya bosi wake, Elvis Presley, kwa kuogopa kwamba linang'aa mno. Elvis alipoliona alilipenda, na Burton akaendelea kulipiga katika bendi hiyo aliyoanza nayo mwaka 1969 mpaka Elvis alipofariki mwaka 1977. Kitu kilichobaki dukani kikawa kitu cha kutafutwa. Wajapani walianza kuyatengeneza ya kuigiza miaka ya 1980, na yale ya mwaka 1968 sasa ni mali ya wenye fedha.

Njia yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko Fullerton. Katika karne ya 18 watu wa Venice, nchini Italia, walitamani sana samani za laki kutoka China na Japani, lakini bei ilikuwa ya kutisha. Mafundi wao wakakata picha zilizochapishwa, nyingi zikitoka kwa wachapaji wa ukoo wa Remondini katika mji wa Bassano, wakazibandika kwenye makabati na masanduku, kisha wakapaka vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka ukingo wa karatasi haugusiki kwa kidole. Kazi hiyo iliitwa laki ya maskini. Leo maskini hawezi kuinunua. Imewekwa katika majumba ya makumbusho.

Korosho ya kwenye khanga

Kijana wa mdogo wangu, ambaye ana miaka 16, ndiye aliyetupeleka katika duka moja la magitaa yaliyotumika. Muuzaji alitushushia gitaa la waridi lililotengenezwa Japani. Nilikuwa nalitazama bila kusema neno, kijana akaniwahi.

"Mama mkubwa, hii si ile ya kwenye khanga yako?"

Alisema kweli. Pambo lile lilikuwa korosho! Ile ile korosho iliyopinda ncha ambayo sisi tunaifahamu tangu utoto, tuliyofungwa nayo mgongoni na tukawafunga nayo watoto wetu. Waingereza huliita pambo hilo kwa jina la mji wa Paisley, huko Uskoti. Asili yake si huko. Lilitoka Uajemi na Kashmir, katika mashali ya sufi laini ambayo Wazungu walianza kuyaleta kwao. Yalikuwa ghali mno, basi tangu mwanzoni mwa karne ya 19 wafumaji wa Paisley wakayaiga, wakayauza kwa bei nafuu, na jina la mji wao likaligandia pambo. Akina mama washonaji watalikumbuka jina la Coats kwenye uzi wa cherehani. Kampuni hiyo nayo ilianzia Paisley.

Hivyo pambo moja lilisafiri njia mbili. Kupitia bahari ya Hindi lilifika pwani yetu, likakaa kwenye khanga na kupata jina la tunda tunalolijua. Kupitia Uskoti lilifika Marekani, likakaa kwenye karatasi ya ukutani, na kutoka ukutani likapanda juu ya gitaa. Likatukuta mimi na kijana dukani.

Karatasi za babu

Swali la kijana lilikuwa na sababu. Nyumbani kulikuwa na ugomvi wa kimya kati yake na mama yake, nami niliukuta siku niliyofika.

Baba yetu mzazi alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika wetu huko Kilimanjaro kwa muda mrefu. Alipofariki, mdogo wangu alichukua bahasha yenye karatasi zake 11 za nota, zile za do, re, mi, alizoziandika kwa mkono wake kwa wino wa buluu. Alizitia sandukuni, na sanduku akaliweka juu ya kabati. Kijana naye alikuwa amenunua gitaa la umeme kuukuu kwa fedha alizopata kwa kukata majani ya bustani za majirani. Rangi yake ilikuwa imebanduka. Akataka kulifunika kwa karatasi za babu yake.

Mdogo wangu alikataa katakata. "Babu yako hakuandika haya ili yakatwekatwe kwa mkasi," alimwambia.

"Mimi sina kitu chake hata kimoja," kijana akajibu. Akaingia chumbani kwake.

Wapendwa, ukiwa mgeni katika nyumba ya ndugu yako ni rahisi kutoa hukumu na kupanda ndege. Niliwaona wote wawili wana haki. Mama alikuwa analinda mkono wa baba yake, kwa maana mwandiko ni mkono. Mtoto alimwona babu mara moja tu, akiwa na miaka mitano, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Kwake yeye babu alikuwa sanduku juu ya kabati ambalo haruhusiwi kuligusa.

Jioni tuliyotoka dukani nilikaa jikoni na mdogo wangu, tukakumbushana ya nyumbani. Jumamosi baba alikuwa akitukalisha mezani, taa ya chemli katikati, tunakili nota kwa mkono mpaka kila mwanakwaya apate karatasi yake. Alikuwa akikagua kila nukta. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nakala haikuwa dharau kwa baba. Ndiyo kazi aliyokuwa akitupa." Alinyamaza kwa muda mrefu, akiosha kikombe kimoja hicho hicho.

Asubuhi alilishusha sanduku mwenyewe. Alichagua karatasi kumi, wakaenda pamoja kutoa kopi. Ya 11 aliirudisha kwenye bahasha. Ni wimbo ambao baba aliutunga kwa mazishi ya mama yetu. "Huu hata kopi hautoki," alisema, na kijana hakubisha.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Ili kuchagua mistari ya kuweka mbele ya gitaa, kijana alilazimika kujua imeandikwa nini. Akawa anakuja jikoni na karatasi mkononi. Mama mkubwa, neno hili maana yake nini? Mama, herufi hizi zinaimbwaje? Mdogo wangu, ambaye hakuwa ameimba sauti ya pili kwa miaka, akawa anamwimbia huku anakaanga vitunguu. Siku ya nne kijana alikuwa anasoma do, re, mi bila kuuliza.

Namna ya kufanya

Nilikuwepo wakati wa kazi yote isipokuwa mwisho wake, nikaandika hatua ili nanyi mzipate. Kazi hii inafaa gitaa la umeme lenye ubao mtupu. Katika gitaa hilo, sauti hutoka kwenye nyuzi zinazotikisika juu ya sumaku, hivyo karatasi haiwezi kuiharibu. Usijaribu kwenye gitaa la kawaida lenye tundu. Kifuniko chake chembamba ndicho kinachotikisika na kutoa sauti, na ukikifunika kwa gundi na vanishi nyingi utalinyamazisha.

Kwanza, fungua kila kitu. Toa nyuzi, fungua skrubu za shingo, toa bamba la plastiki na vyuma. Weka skrubu katika bakuli, na uandike ipi ni ya wapi. Waya zilizolehemewa mwachie fundi kama hujui.

Pili, lainisha ubao kwa msasa. Si lazima kuondoa rangi yote ya zamani; inatosha ing'oke ile inayobanduka na mng'ao uishe, ili gundi ishike. Mashimo yaliyotoboka yajaze kwa lipu ya mbao. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu, uache ubao ukauke.

Tatu, chagua karatasi. Usitumie karatasi asili kama ni za thamani; tumia kopi. Na kopi nazo zinatofautiana. Kijana alijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kwa kopi ya printa ya nyumbani, inayotumia wino wa majimaji, na gundi ilipogusa, maandishi yakavuja kama chozi kwenye barua. Kopi ya duka, ya mashine inayotumia wino wa unga uliochomwa kwa joto, haikuvuja. Kwa hiyo jaribu kila karatasi kwenye kipande cha ubao kwanza, kwa gundi ile ile na vanishi ile ile utakayotumia. Karatasi nyembamba ya gazeti hupitisha maandishi ya upande wa pili ikilowana. Ukiitaka, toa kopi yake.

Nne, panga kabla ya kubandika. Weka vipande juu ya ubao vikiwa vikavu, sogeza huku na huku mpaka upendezwe, kisha piga picha ili usisahau. Mambo ya katikati yasiwekwe mahali ambapo bamba au vinasa sauti vitayafunika.

Tano, bandika. Gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa kwa maji kidogo, inafaa. Paka ubaoni, paka na nyuma ya karatasi, kisha laza na ufukuze hewa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kidole au sponji yenye unyevu. Kwenye mapindo karatasi kubwa hukunjamana. Fanya kama fundi wa nguo anavyofanya kwenye kona ya mviringo: kata ncha ndogo ndogo ukingoni ili vipande vilaliane. Au tumia karatasi ndogo zilizochanwa kwa mkono. Ukingo uliochanwa hujificha vizuri kuliko uliokatwa. Pale shingo inapokaa pasiwe na karatasi hata kidogo, maana unene mdogo tu utaipindisha shingo na nyuzi hazitakaa sawa. Acha ikauke usiku mzima, halafu safisha matundu kwa wembe mkali.

Sita, vanishi. Hapa ndipo uvumilivu unapotakiwa. Vanishi ya maji haina harufu kali na haibadiliki kuwa ya njano upesi. Paka tabaka nyembamba, subiri ikauke, paka tena. Matabaka mawili matatu ya kwanza usiyaguse kwa msasa, kwa sababu utaikwaruza karatasi. Baada ya hapo pitisha msasa laini kidogo kila baada ya tabaka mbili. Kijana alipaka matabaka 12. Tabaka la kwanza bado unaona mabonde na milima. La sita ukingo unaanza kuzama. La kumi unapitisha kidole na hujui karatasi ilianzia wapi. Mwisho tumia msasa laini kabisa uliolowa maji, kisha dawa ya kung'arisha.

Saba, subiri. Vanishi ikikauka juu haijakauka ndani. Ipe wiki mbili mpaka nne kabla ya kurudisha vyuma, vinginevyo vitaacha alama.

Tahadhari kwa akina mama

Vanishi ya kupulizia na ile ya kuchanganywa na thina ina mvuke mbaya kwa mapafu, nayo hushika moto upesi. Ifanyiwe nje, mbali na jiko na mshumaa, na anayepuliza avae barakoa ya kuzuia mvuke, si kitambaa cha kawaida. Mama mjamzito na watoto wadogo wasikae karibu. Vumbi la msasa nalo si zuri, hasa kama rangi ya chini ni ya zamani sana. Lainisha kwa msasa uliolowa. Tena, gitaa likiwa la thamani kubwa au limerithiwa, msilifunike. Tafuteni lile lililochubuka, ambalo halina cha kupoteza.

Niliondoka vanishi ikiwa bado inakauka. Mwezi uliofuata nilipokea picha. Mistari ya buluu ya baba imezunguka ubao mzima, na juu, kijana amebandika kipande kidogo alichokata kutoka kwenye kopi ya khanga yangu: korosho moja. Mdogo wangu aliniambia kwamba karatasi asili zimerudi sandukuni, ila sanduku sasa liko chini, mahali ambapo mtoto anafika.

Akina mama wenzangu, angalieni katika makabati yenu. Ziko barua, kadi za harusi, karatasi za nota, daftari la kwanza la mtoto. Mchwa na unyevu havibagui. Toeni kopi kwanza, mhifadhi asili mahali pakavu. Halafu kopi zikitoka, wapeni watoto wazitumie, iwe kwenye gitaa, kwenye sanduku la vitabu au kwenye kigoda. Na watakapokuja kuuliza neno hili maana yake nini, acheni kwanza vitunguu viungue kidogo.